Je, wajua kwa nini unga, yaani heroini, humng'ang'ania mtu hata raha yake ikishakwisha?

Barazani Unguja hukumu hutoka kabla kahawa haijapoa: kijana katoka soba hausi, nyumba ya kuachia dawa za kulevya, hajakaa sana kaurudia unga, basi "kafuata raha". Waulize wanaotumia wenyewe. Wengi watakwambia raha ilikuwa mwanzoni. Sasa wanatumia ili wasishikwe na arosto, yale mateso ya kukosa unga, waweze angalau kusimama. Barazani hicho huitwa kisingizio. Sayansi ya ubongo iko zaidi upande wa kijana.

Mwili una afyuni yake. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, huko Aberdeen, Uskochi, walitangaza enkefalini: peptidi (vipande vidogo vya protini) mbili fupi, kila moja asidi amino 5, zinazokaa kwenye vipokezi, milango ya seli, vilevile vinavyotekwa na heroini. Ikafuata endofini, ikapewa sifa zote za furaha. Ndugu yao dinofini hatajwi sana, maana kazi yake ni kinyume. Hushika kipokezi kiitwacho kappa na kupunguza dopamini, kemikali ya ubongo inayochochea hamu na raha. Watu wazima waliopewa dawa za kuamsha kappa hawakufurahi hata kidogo, walisononeka.

Kwa nini ubongo uichafue raha yake wenyewe? Fikiria dau. Upepo ukishika, mabaharia huhamia upande wa joshi, unakotoka upepo, uzito wao uzuie chombo kisilalie demani, upande wa pili. Upepo ukizidi, nao huzidi huko. Unga ndio upepo, dinofini ndiyo mabaharia: dopamini ikisukumwa juu siku baada ya siku, ubongo hutengeneza dinofini zaidi. Dau likanyooka; hiyo ni sababu moja ya kipimo cha jana kutofua dafu leo. Sasa upepo ukatike ghafla. Mabaharia bado wamejazana joshi, na chombo kinalalia upande wao: unyonge, hofu, kutotamani chochote, hata urojo. Aliye humo hatafuti raha, anatafuta upepo wowote asipinduke.

Lakini dinofini isibebeshwe arosto yote. Jasho na malaika kusimama vinatokana zaidi na noradrenalini, kemikali nyingine ya ubongo na neva. Tena ushahidi mwingi ni wa panya, na ule ulio imara zaidi unahusu kokeini kuliko heroini. Msongo wa mawazo nao huamsha dinofini, ndiyo maana ugomvi wa nyumbani unaweza kumrudisha mtu kule alikotoka. Methadoni, dawa ya kunywa badala ya heroini, inayotolewa hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, hukaa mwilini muda mrefu, hivyo kipimo kimoja kwa siku hutosha, bila kupanda na kuporomoka.

Ajabu ni kwamba kappa hiyohiyo ina faida. Tangu 2021 Marekani imeidhinisha sindano inayoiamsha, kwa wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu, iwapunguzie kuwashwa mwili. Imeundwa ili isipenye ubongoni, na sababu unaijua.