Lile wingu jeupe si moshi

Majira ya baridi yakifika, picha za treni ya mvuke inayopanda mlima Brocken, kule milima ya Harz nchini Ujerumani, husambaa sana, na chini yake utakuta maneno yaleyale: "treni ikitoa moshi mzito". Moshi upo, lakini si huo unaosifiwa.

Mvuke ni maji yaliyogeuka gesi, basi. Hauna rangi wala hauonekani. Tazama vali ya usalama juu ya boila, yaani tangi la kuchemshia maji, inapofyatuka: pale mdomoni utadhani hakitoki kitu, kisha juu kidogo weupe unaanza. Pale panapoonekana patupu ndipo penye mvuke. Ule weupe ni mvuke uliokwisha kupoa ukawa matone madogo mno ya maji, yaani ukungu. Moshi unatoka motoni, na ukiwa mweusi ujue makaa hayajaungua vizuri, pengine mchochea moto ametoka kutupia koleo jipya. Vyote hupitia dohani moja, kwa sababu mvuke uliomaliza kusukuma pistoni huelekezwa humo makusudi ili uvute hewa ipite motoni. Hapo ndipo watu huchanganya.

Na wingu likizidi ukubwa wakati wa theluji, si kwamba injini imeongezeka nguvu. Hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi, hivyo matone hayakauki upesi. Treni ileile ikipanda mlima uleule hadi stesheni ya juu, mita 1,125 kutoka usawa wa bahari, mwezi Julai huacha kiwingu kinachopotea haraka. Januari wingu hilo laweza kumeza mabehewa yote, ndiyo maana wapiga picha wazoefu husimama upande unakotoka upepo.

Jua la baridi likiwa chini, nyuma ya treni, matone hung'aa na moshi hubaki mweusi. Picha yenyewe inakutenganishia. Halafu ingia na kamera yako ya baridi kwenye mgahawa wenye joto: lensi itafunga ukungu papo hapo, kutokana na mvuke ambao hukuuona humo ndani. Sijasikia mtu akilalamika kwamba lensi yake imeingia moshi.

Kwa hiyo ukiandika "mvuke" chini ya picha hizo sitagombana nawe, ingawa "ukungu" ni sahihi zaidi. "Moshi" uwekee ile sehemu nyeusi.