Gesi ya Friji Haiishi, Inavuja

Kila msimu wa joto ukianza, malalamiko yanayotufikia sisi wakaguzi wa gesi za ubaridi hufanana: "Nilijaza gesi mwaka jana tu, kiyoyozi kimeacha tena kupooza." Mlalamikaji humshuku fundi kuwa amemtilia gesi feki. Gesi feki ipo, nitaifikia. Lakini mara nyingi chanzo ni kingine, na tumekieleza mara nyingi mno. Gesi ya ubaridi si mafuta ya gari. Haiungui wala haiishi kwa kutumika. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, kutoka kompresa inayoikandamiza, hadi kondensa inakotoa joto, hadi evapareta inakopooza, kisha ikarudi, maisha yote ya kifaa. Ikipungua, pametoboka mahali. Hakuna huduma inayoitwa kujaza gesi ya kila mwaka, na anayekuuzia huduma hiyo bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kinachokwenda hewani.

Kule hewani ndiko madhara yaliko. Kilo 1 ya R-410A, iliyomo katika viyoyozi vingi vya ukutani, kwa kipimo cha miaka 100 hupasha dunia joto sawa na kilo 2,088 za kaboni dioksidi. Lita 1 ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3. Kwa hiyo kuiachia kilo hiyo moja ni kama kuchoma zaidi ya lita 900 za petroli, tena ndani ya dakika chache. R-404A ya vyumba vya baridi na makabati ya maduka makubwa ni kali zaidi: kilo 1 yake ni sawa na kilo 3,922 za kaboni dioksidi. Mfanyabiashara anayebadilisha taa zote kuwa za LED huku chumba chake cha baridi kinavuja mwaka mzima amefanya jambo jema, ila ameanzia pembeni.

Wapo wanaotujibu kwamba friji yao ina kibandiko cha "rafiki wa ozoni", basi wao wamemaliza. Hapana. Mwaka 1974 wanakemia Molina na Rowland walionya kuwa CFC, gesi za ubaridi za wakati huo, zinaharibu tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi mikali ya jua, mwaka 1985 tundu la Antaktika likatangazwa, na mwaka 1987 Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni, ikatiwa saini. CFC zikaondolewa, zikaja gesi mbadala za HCFC kama R-22, kisha HFC kama R-134a na R-410A. HFC kweli haziigusi ozoni, na kibandiko hakisemi uongo. Kinanyamazia joto tu. Ndiyo maana nchi zilikutana Kigali Oktoba 2016 na kukubaliana kuzipunguza. Marekebisho hayo yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Nchi nyingi zinazoendelea zilitakiwa kuzuia ongezeko kuanzia 2024, kupunguza asilimia 10 ifikapo 2029, hadi kufikia asilimia 80 mwaka 2045. Yakitekelezwa, yanaweza kuepusha hadi nusu nyuzi ya joto ifikapo mwisho wa karne. R-22 nayo katika nchi hizo inafikia kikomo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Anayenunua leo kifaa cha R-22 kwa sababu ni rahisi ajue spea na gesi zake zinaelekea kuadimika.

Katika ukaguzi mmoja nilimkuta fundi juu ya paa, kijana mwenye bidii, amebonyeza vali kwa ncha ya bisibisi. Gesi ilikuwa inafoka kwa mvuke mweupe na bomba la shaba limeota barafu. Nilipomuuliza, alisema anasafisha mashine. Mwenye jengo alisimama kando ameridhika, kwa kuwa ule mlio ulimwonyesha kazi inafanyika. Sikumlaumu kijana peke yake. Hakuna aliyekuwa amemdai kazi iliyo sahihi.

Kazi sahihi ni hii, na mteja ana haki ya kusimama aione. Gesi iliyobaki hunyonywa kwa mashine ya kunyonyea na kuwekwa kwenye mtungi maalumu, usiojazwa zaidi ya asilimia 80, maana kimiminika hutanuka kwa joto na mtungi unaweza kupasuka. Kisha mabomba hupimwa kwa shinikizo la naitrojeni kavu. Kamwe si oksijeni. Ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Povu la sabuni hupakwa kwenye maungio, na panapotoa mapovu ndipo penye tundu. Likishachomelewa, pampu ya vakyumu hutoa hewa na unyevu, na geji ya shinikizo huachwa kwa muda kuona kama inapanda, yaani kama bado panavuja au pana unyevu. Hatimaye gesi hutiwa kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibao cha kifaa. Fundi asiye na mizani anakisia.

Kwa biashara, wekeni daftari la kila mashine: tarehe, aina ya gesi, kilo zilizotiwa, kilo zilizonyonywa, mahali palipovuja, jina la fundi na namba ya cheti chake. Wakaguzi huanza na daftari hilo. Anayeingiza gesi apate kibali kabla mzigo haujapakiwa, si baada ya kufika bandarini. Wanachama wa itifaki wanaendesha mfumo wa vibali, na forodha hupima kilichomo ndani ya mtungi, haisomi lebo pekee. Viwango vya adhabu hutofautiana kwa sheria za kila nchi, ila kwa kawaida mzigo hukamatwa au kurudishwa kwa gharama ya mwenyewe, faini hufuata, na leseni inaweza kufutwa. "Wakala ndiye aliyeandika" si utetezi.

Upimaji huo wa forodha una sababu. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka Vietnam na Brazili, wafanyakazi wakafa. Ndani yake kulikuwa na gesi feki yenye R-40, ambayo hushambulia alumini na kutengeneza kitu kinachowaka kikikutana na hewa.

Tahadhari nyingine: friji nyingi mpya hutumia gesi ya R-600a (isobuteni), ambayo joto lake kwa dunia ni dogo sana, lakini inawaka. Ni nzuri ndani ya kifaa kilichoundwa kwa ajili yake. Msikubali itiwe kwenye mashine ya zamani ya R-134a eti ni nafuu.

Na friji ikifa, msimwachie mnunuzi wa vyuma chakavu akate mabomba uani. Gesi inyonywe kwanza.

Mkituletea malalamiko, leteni aina ya gesi, kilo zilizotiwa na risiti. Kama hayo hayapo, picha ya kibao kilicho nyuma ya kifaa inatosha kuanzia.