Hiyo frii ya diuti frii si ya kilo

Juzi barazani hapa Ngamiani, Tanga, kahawa ndo kwanza inamiminwa, mjomba mmoja karudi Dubai kwa binti yake anatuhadithia alichobeba: begi lake la mkononi, na juu yake mfuko mkubwa wa dukani eapoti una makopo matatu ya maziwa ya unga, chokleti na manukato. Mtu akamuuliza, kwani hawakukupimia? Akajibu bila wasiwasi, "Ule wa diuti frii bwana, frii, hauhesabiwi." Watu wote wakaitikia. Mie nikatafuna kashata yangu nikanyamaza kwa sababu ni mkubwa kwangu, lakini maneno hayo hayo shangazi yangu aliyasema mlangoni pa kupandia ndege akaishia kulipia mfuko kwa bei inayokaribia ya vitu vyenyewe. Kwa hiyo nayaandika hapa.

Diuti frii ni bidhaa anayouziwa msafiri anayetoka nje ya nchi bila kutozwa ushuru na kodi za hapo inapouzwa, kwa hesabu kwamba inaondoka naye haitumiki pale. Basi, ndo hivyo tu. Duka la kwanza la namna hiyo eapoti lilifunguliwa Shannon, Ireland, mwaka 1947, enzi ndege za kuvuka Atlantiki zinatua pale kujaza mafuta na abiria wanazurura hawana la kufanya, bwana mmoja Brendan O'Regan akaona hawa watu kwenye karatasi wameshatoka nchini ila miguu bado iko hapa, wauzie. Ndo maana ukipanda kindege hapa Tanga kwenda Unguja husikii habari ya diuti frii, hujatoka nchini. Na nchi za Umoja wa Ulaya ziliifuta kwa safari za wao kwa wao mwaka 1999, kwa sababu kiforodha wale ni kama nyumba moja.

Sasa hii frii. Kiingereza kina neno moja linafanya kazi ya maneno yetu mawili, bure na huru, na sisi tuliobahatika kuwa nayo yote mawili tumeenda kuchukua lile lisilohusika. Nadhani tumeharibiwa na mitandao ya simu, dakika za frii, sms za frii, mpaka mtu akisikia frii anajua kuna kitu hakihesabiwi. Wakati pale kilichoachwa huru ni bidhaa, na imeachwa huru na mtu mmoja tu, yule wa ushuru. Mwenye mizani hajasema kitu.

Na ushuru wenyewe ni neno la Kiarabu, linatoka kwenye kumi, yaani lile fungu la kumi, ingawa kwenye mkataba wa Sultani wa Maskati na Zanzibar na Wamarekani wa mwaka 1833 bidhaa zao zilitozwa tano tu kwa mia, jina likabaki la kumi na mkono unapokea tano. Forodha nayo ya huko huko, mahali vyombo vinapofunga kushusha mizigo. Sisi wa mwambao huu ushuru tunaujua kwa damu kabisa, maana mwaka 1888 Sultani aliikodisha kampuni ya Wajerumani pwani yote hii ikusanye ushuru wa forodha, Agosti walipokuja Pangani na bendera yao kujifanya wenyeji ndo moto ukawaka, Abushiri bin Salim akaongoza vita, na Desemba 1889 wakamnyonga hapo hapo Pangani. Namtaja kwa sababu moja, ushuru ni jambo la serikali na mipaka na nani ana haki ya kukutoza. Hakuna mtu aliyepigana Pangani kwa ajili ya kilo za begi.

Kilo ni jambo la shirika la ndege, na kila shirika lina lake. Emirates na Qatar Airways daraja la kawaida begi la mkononi ni kilo 7, KLM ni 12, na umoja wa mashirika IATA unapendekeza begi lisizidi sentimita 56 kwa 45 kwa 25 lakini hayo ni mapendekezo, wenye ndege wanakata wanavyotaka. Lile kabati la juu lina uzito wake wa mwisho, na kopo la maziwa halipungui uzito kwa sababu limenunuliwa ng'ambo ya ukaguzi. Yapo mashirika yanayokuachia mfuko mmoja wa dukani juu ya begi lako, ni kweli, na pengine mjomba alipanda moja ya hayo au alikutana na binti wa mlangoni aliyechoka, ila huo ni ukarimu wao kwenye masharti ya tiketi, haumo kwenye neno diuti frii. Shangazi alipambana kweli na yule kijana, akamwonyesha risiti, risiti ndefu kama dua ya mzee, kijana akaipokea kwa adabu akaisoma akaurudisha mfuko kwenye mizani.

Halafu kuna mtu wa tatu, wa usalama, naye hana habari na hao wawili. Yeye tangu 2006, baada ya ile njama ya London ya kulipua ndege kwa vimiminika, anaangalia chupa isizidi mililita 100, siku hizi viwanja vingine vyenye mashine mpya wamelegeza. Asali yako ya Handeni ya nusu lita anaitoa, manukato ya dukani ya ukubwa ule ule yanapita kwa sababu umenunua ukiwa umeshamvuka yeye. Ila kama unabadilisha ndege mahali na kukaguliwa upya, yawe kwenye ule mfuko waliouziba dukani na risiti ndani, na usiufungue mpaka ufike. Watu wanaufungua wanusishane njiani halafu wanalia.

Na hata huo ushuru, kumbuka umesamehewa na nchi unayotoka. Unayoingia ina hesabu zake, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inakuruhusu manukato na maji ya kunukia jumla nusu lita, na tumbaku gramu 250. Ukizidisha, ukaulizwa Dar na wewe unajibu "hizi diuti frii", umejibu swali la Dubai.

Kwa hiyo mjomba wangu, maziwa tumekunywa, ahsante sana, na hatukudai umekosea kuyabeba. Ila ukihadithia tena useme tu shirika lile lilikuruhusu mfuko wa dukani, maana pale barazani kuna kijana anaondoka mwezi ujao kwenda Muscat na alikuwa anasikiliza kwa makini kuliko sisi wote.