Makombe ya timboni si ya gharika, tuelewane kuhusu enzi za barafu

Tangu mvua zianze kubomoa kingo za matimbo (machimbo ya mawe), ofisini kwetu Makumbusho, Malindi, simu hazikatiki: tumepata makombe (magamba ya viumbe vya baharini) ndani ya jiwe, mbali na bahari, ni ya gharika ya Nabii Nuhu? Siyo jamani, na tumeshasema mpaka mate yamekauka. Jiwe lenyewe hilo ni tumbawe, lilikuwa hai baharini kama miaka 125,000 iliyopita, barafu ya nchi za baridi ilikuwa imeyeyuka kuliko leo na maji yako juu kwa mita kadhaa. Mnara wa Vasco da Gama hapa Malindi umekaa juu ya jabali la matumbawe, hebu nendeni maji yakitoka mkaangalie ubavuni.

Halafu dunia ikapoa, ikaingia enzi ya barafu. Miaka kama 20,000 iliyopita barafu ilifunika karibu Kanada yote na kaskazini ya Ulaya, maji yakafungika huko, bahari ikashuka kama mita 120, yaani Lamu haikuwa kisiwa, ungevuka kwenda bara kwa miguu bila nauli ya boti. Hapa pwani barafu haikufika, hilo msituletee, ila Mlima Kenya ilishuka chini zaidi ya ilivyo sasa. Kupanda na kushuka huku kumejirudia mara nyingi ndani ya miaka milioni 2.6, kunaanzishwa na njia ya dunia kuzunguka jua na mwinamo wake vinavyobadilika polepole, mwanasayansi Milutin Milankovitch alizipiga hesabu zake.

Wengine hapo wanarukia: basi joto la sasa ni kawaida. Wapi! Enzi ya barafu ilipokuwa inaisha, kaboni daioksaidi, ile hewa inayonasa joto, ilitoka 180 ikafika 280 katika kila sehemu milioni za hewa, ikachukua maelfu ya miaka. Sasa imepita 420, na kutoka 280 ni kama karne mbili na nusu tu, sababu ni makaa ya mawe na mafuta tunayochoma.

Sasa utaratibu. Ukikuta mifupa, meno au vigae vya kale timboni, acha palepale, usioshe, usimuuzie mtalii. Piga picha na kalamu pembeni ionyeshe ukubwa, andika mahali na kina, kisha wajulishe Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, ndivyo isemavyo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Siku zinahesabiwa tangu ulipokiona, sio tangu ulipopata nafasi. Kuchimba kuvitafuta bila leseni ni kosa, kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa jingine, kuna faini na kuna jela. Na hata ukimwambia chifu, bado taarifa ya maandishi tunaitaka, maneno ya mdomo hayaingii kwenye faili.