"Loath" na "loathe" si neno moja

Wengi wetu hapa Mtwara tumezoea kuamini kwamba "loath" na "loathe" za Kiingereza ni neno moja lenye tahajia mbili. Inaeleweka, maana hata Waingereza wenyewe huyachanganya. "Loath" ni kivumishi cha mtu anayesita. Mkulima wa Newala yuko mnadani, bei ya korosho imesomwa, wenzake wamenyoosha mikono kukubali, wake bado uko mapajani. Hachukii kuuza, moyo tu haujaridhia. "Loathe" ni kitenzi: kuchukia kabisa.

Kwa kawaida la kwanza huishia na th ya thamani, la pili dh ya dhahabu. Sauti hizo Kiswahili tunazo tayari, nayo ni faida kubwa. Fungua kamusi ya Kiingereza, tazama aina ya neno, kisha soma mifano: "loath" hufuatwa na "to".