Okidi ya mwituni hainyonyi mti

Ninaulizwa mara kwa mara kama okidi zinaunyonya mti unaozibeba. Hapana. Okidi ya chui, Ansellia africana, ni mpangaji tu: haichukui maji wala chakula cha mwenye nyumba. Sehemu ya mizizi yake hung'ang'ania gome, mingine huchongoka kwenda juu na kufanya kikapu kinachonasa majani makavu. Yakioza, ndiyo mbolea yake. Mizizi inayoshika gome imevikwa ganda jeupe laini linalofyonza mvua upesi na pia linahitaji hewa. Basi anayevutiwa na maua yake ya manjano yenye madoa ya kahawia, akaipanda chunguni kwa udongo wa shambani, anaiozesha. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira asilia, imeiweka spishi hii katika kundi la zilizo hatarini.

Mimi nikiulizwa nipendayo, nitataja Angraecum infundibulare ya misitu ya mvua. Ua lake ni jeupe lenye ukijani, kubwa kupita kiasi kwa shina jembamba vile, na nyuma yake unaning'inia mrija unaozidi sentimita 10, nekta ikiwa chini kabisa. Harufu hutoka usiku. Rangi nyeupe, harufu ya usiku, mrija mrefu: hizo ni dalili za ua linalomsubiri nondo mwenye ulimi mrefu, maana nyuki hafiki huko chini.

Mbegu nazo ni vumbi. Hazina akiba ya chakula, kwa hiyo mbegu haiwi mche mpaka ikutane na kuvu anayeilisha. Ndiyo sababu siamini sana habari za "kuhamisha" okidi kutoka msitu unaofyekwa. Mmea mzima unaweza kupona. Watoto wake ndio shida, kama huko ulikopelekwa hakuna kuvu wala nondo.

Okidi zote zimo katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1991, na kuzivusha mpaka kunahitaji kibali. Ni vizuri, ila mkataba huo unalinda mpakani. Mti ukikatwa katika msitu wa Mabira, Uganda, kwa ajili ya mkaa, okidi zake huanguka nao bila kuvuka mpaka wowote.

Ukiuziwa okidi kando ya barabara, itazame mizizi. Iliyong'olewa mwituni huwa na mizizi iliyokatika, vipande vya gome vimegandia, na majani ya zamani yana makovu ya wadudu. Ya kitaluni huwa imekulia chunguni mwake, mizizi imefuata umbo la chungu.