Je, wajua? Samurai Mwafrika wa kwenye gemu aliishi kweli

Vibanda vingi vya gemu Dar es Salaam huishi kwa mpira. Lakini akitokea mtu akaweka Nioh, gemu la Kijapani la mwaka 2017 lililojaa mazimwi, hufika mahali akakutana na samurai (askari wa zamani wa Kijapani) Mwafrika mwenye shoka, analindwa na roho ya dubu. Ni rahisi kudhani wamembandika tu ili kutufurahisha sisi watu weusi.

Sivyo. Cha kutungwa ni dubu. Samurai mwenyewe, Yasuke, aliishi kweli, na habari zake ziliandikwa na pande mbili tofauti. Mapadre Wajesuti wanasimulia kwamba mwaka 1581 mtawala wa Kijapani Oda Nobunaga aliamuru avuliwe nguo hadi kiunoni na kuoshwa, akidhani weusi ule ni wino. Kwa upande wa Wajapani, Ota Gyuichi, mtumishi wa Nobunaga, alimkadiria miaka 26 au 27 na kusema nguvu zake zilishinda za watu kumi. Shajara ya Matsudaira Ietada, samurai wa zama hizo, inataja jina lake na urefu unaozidi sentimita 180. Nakala moja ya maandishi ya Ota inaongeza nyumba, posho na upanga mfupi. Kama hayo yanatosha kumwita samurai, wanahistoria bado wanabishana. Kwamba alitoka Msumbiji, jirani zetu, alikuja kuandika padre Mfaransa François Solier mwaka 1627, miaka 46 baadaye, kwa hiyo tulipokee kwa tahadhari.

Kwa nini basi watunzi wa magemu wanampenda hivi? Pita Mbagala utazame nyumba zenye nondo zilizoachwa zimechomoza juu ya zege. Mwenye nyumba anaweza kupandisha ghorofa ya umbo lolote atakalo, ila nguzo zitaanzia pale pale nondo zilipo. Nondo za Yasuke ni chache na imara: nguvu, upanga, Nobunaga. Mwaka 1582 Akechi Mitsuhide alimwasi Nobunaga huko Kyoto. Yasuke akapigana upande wa Nobutada, mwana wa Nobunaga, kisha akasalimisha upanga na kuachwa hai. Kuanzia hapo hakuna habari zake za uhakika, na huo ndio uwazi ambao watunzi hujengea. Nioh wakaweka dubu. Assassin's Creed Shadows ya mwaka 2025 ikamfanya mmoja wa wahusika wakuu wawili.

Hata William, shujaa unayemwongoza katika Nioh, ametokana na William Adams, baharia Mwingereza aliyefika Japani mwaka 1600. Adams aliacha barua alizoandika mwenyewe. Yasuke tunamjua kwa kalamu za wengine tu.